Rimoti na Mahojiano ya Jikoni

Jumamosi ile kila stesheni ya televisheni ilikuwa na kipindi maalumu, na Rimoti alitaka kuvitazama vyote kwa wakati mmoja. Chaneli ya kwanza ilikuwa na mchekeshaji aliyesimama peke yake jukwaani. Ya pili ilikuwa na mahojiano na mama mmoja aliyenusurika katika mafuriko. Ya tatu ilikuwa na makala kuhusu mamba. Mchekeshaji alipokaribia kumaliza utani wake, chap, chaneli ikabadilika. Mama wa mafuriko alipoanza kufuta machozi, chap, wote sebuleni wakajikuta mtoni.

"Hebu ngoja," bibi yake alilalamika. "Yule mama ameliwa na mamba?"

"Hapana, Bibi! Hicho ni kipindi kingine."

"Basi huyu mamba ndiye anayechekesha watu?"

Baba yake, fundi bomba, alicheka kwa uchovu. Ndiye aliyempa binti yake jina la Rimoti, na jina lenyewe likamfuata mpaka shuleni, darasa la sita. Rimoti hakuwa mtoto mtukutu. Shida yake ni kwamba hakutulia. Alikula amesimama, alifunga viatu huku anatembea, na ukimsimulia jambo alikuwa ameshafika mwisho wa habari kabla yako, mara nyingi mwisho usio wenyewe.

Shangazi yake, aliyekuwa akiishi nao, alifanya kazi ya kuhariri vipindi. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta katika stesheni ya televisheni, akikata picha hapa na kuziunganisha pale. "Mimi nahangaika wiki nzima kutengeneza kipindi cha saa moja," alisema siku hiyo, "na wewe unakimaliza kwa kidole gumba."

Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya habari. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu wa klabu alitaka wanafunzi watengeneze kipindi chao maalumu, kitakachoonyeshwa ukumbini. Kundi moja lilipewa vichekesho, jingine makala kuhusu bustani ya shule. Rimoti na rafiki yake Ngoma, msichana mwenye sauti nzito, walipewa mahojiano na mpishi wa shule.

Mpishi huyo watoto walimwita Mama Mwiko, naye aliitika bila kinyongo. Aliwakubalia kwa sharti moja tu, kwamba asikatishwe kazi. Kwa hiyo walimhoji jikoni akimenya viazi, Ngoma akiwa ameshika kamera.

"Mama, unawaonaje walimu wa shule hii?" Rimoti alianza.

Mama Mwiko alikaa kimya kwanza. Kisha akaanza kujibu polepole, macho yakiwa kwenye kiazi. Jibu lilikuwa refu. Nje ya dirisha kundi la vichekesho lilikuwa linafanya mazoezi, na kicheko kilipasuka kila mara. Rimoti aliwashwa na wivu mpaka miguu ikamcheza chini ya stuli. Wale wanachekesha watu, na mimi nimepewa mama wa viazi, aliwaza. Mama Mwiko aliponyamaza, Rimoti alirukia swali la pili, la tatu na la nne, hata hakuangalia kama yamejibiwa. Mwisho aliuliza, "Na humu jikoni nani anakusumbua zaidi?"

"Panya," Mama Mwiko alijibu papo hapo, akinyanyua kisu. "Wale ni walafi, hawana haya! Wanaingia bila hodi, wanakula, wakishiba wanalala humu humu. Nikipata sumu nawatilia leo leo."

Hapo hata Rimoti alicheka.

Kesho yake Ngoma hakuja shuleni, alikuwa na homa. Rimoti alikaa peke yake kwenye kompyuta ya klabu. Alijua kuhariri kidogo kwa kumchungulia shangazi yake. Alitazama jibu la kwanza kwa muda mfupi sana, akaona linachosha, akalikata lote. Akachukua jibu la mwisho, akaondoa neno "panya", akalibandika chini ya swali la walimu. Alipokitazama alichotengeneza, alicheka mpaka akajishika mbavu. Na kwa kuwa hakupenda vitu vya zamani kumjazia nafasi, akafuta picha zote za mwanzo.

Wanaklabu walipoonyeshwa, darasa lililipuka. Mmoja alianguka chini kwa kicheko. Kwa mara ya kwanza kundi la vichekesho ndilo lililoona wivu, na Rimoti alijiona yuko juu. Lakini mwanafunzi mmoja alikirekodi kile kipande kwa simu ya dada yake. Jioni kilikuwa kimeshaingia kwenye kundi la wazazi la mtandaoni, na huko hakuna aliyecheka. Wazazi walimwona mpishi wa watoto wao, na kisu mkononi, akisema kwa mdomo wake kwamba akipata sumu atawatilia walimu leo leo.

Asubuhi jikoni kulikuwa na mtu mwingine. Uji ulikuwa na madonge. Habari zilizagaa kwenye foleni kwamba Mama Mwiko ameitwa ofisini, amekana, akaonyeshwa simu, akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ya shule ikutane kumfukuza au kumsamehe.

Rimoti hakuonja uji. Kipindi cha hesabu aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi, akaomba tena, mpaka mwalimu akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Wakati wa mapumziko Ngoma, aliyekuwa amepona na kuona kipande hicho, alimvutia pembeni.

"Wewe, yule mama alikuwa anasema panya! Mimi nilikuwepo!"

"Ilikuwa utani tu. Kila mtu alipaswa kujua ni utani."

"Wangejuaje?" Ngoma aliuliza, na kwa sauti yake ile nusu ya uwanja iligeuka.

Rimoti aliondoka mbio. Aliporudi nyumbani alimkuta shangazi yake anakunja nguo. Alizunguka meza, akafungua friji, akaifunga, akaifungua tena.

"Utaichosha hiyo friji," shangazi alisema. "Sema."

Akasema yote. Shangazi aliacha kukunja nguo. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Sikiliza, mwanangu. Mchekeshaji akisema mama mkwe wake amekula kochi, kuna mtu anayekwenda kuhesabu makochi? Hakuna. Aliyekaa pale anajua amekuja kuchekeshwa. Lakini kwenye makala ukimwambia mtoto kwamba mamba anakula majani, ataandika hivyo kwenye mtihani. Na kwenye mahojiano, mtu akifungua mdomo, watu wanaamini maneno ni yake. Kila kipindi kina ahadi yake kwa mtazamaji. Wewe umechukua uongo wa vichekesho ukauvika nguo za mahojiano. Picha za mwanzo ziko wapi?"

"Nimezifuta."

"Basi umebaki na mdomo wako tu. Kesho asubuhi tunakwenda kwa mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye mvi chache, alimsikiliza Rimoti na shangazi yake, mikono ikiwa juu ya meza. Kisha akatikisa kichwa.

"Najua ninyi watoto mnampenda Mama Mwiko, anawaongezea maharage. Lakini kumwokoa mtu kwa uongo si wema. Nimemwona na kumsikia kwa macho na masikio yangu."

Rimoti alikuwa amedanganya bila kupepesa macho, na watu wazima wote wakamwamini. Sasa alikuwa anasema kweli, na mwalimu mkuu hakumwamini.

"Mwalimu, naomba tukitazame tena," alisema mwishowe, akiwa karibu kulia.

Wakakitazama kwenye simu ya mwalimu mkuu. Rimoti alikitazama tena, na tena. Hakuwahi kurudia kitu chochote namna hiyo maishani mwake. Miguu ilitaka kuondoka, akaibana kwa mikono. Aliacha kutazama uso wa Mama Mwiko, akaanza kutazama vilivyomzunguka: sufuria, ndoo, meza. Ghafla akaruka.

"Viazi! Mwalimu, tazama viazi!"

Akasimamisha picha. Anapouliza kuhusu walimu, mezani kuna lundo la viazi vyenye maganda na beseni ni tupu. Mama Mwiko anapojibu, mara baada ya swali, meza ni tupu na beseni limejaa viazi vyeupe.

"Viazi vyote hivyo vimemenywa saa ngapi, Mwalimu? Hilo ni jibu la swali la mwisho. Nilimuuliza nani anamsumbua jikoni, akasema panya. Neno la panya nilikata mimi."

Mwalimu mkuu aliinama mpaka pua ikakaribia skrini. Alirudisha picha mwenyewe, akaipeleka mbele, akairudisha. Uso wake ukabadilika.

"Na swali la walimu," aliuliza polepole, "alijibu nini?"

Rimoti aliona aibu kuliko alipoungama uongo wenyewe. "Sijui, Mwalimu. Sikusikiliza."

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Mwiko kumwomba radhi, na Rimoti akaenda naye. Mama Mwiko aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, lakini hakutabasamu.

"Jirani zangu walinizuia mlangoni," alimwambia Rimoti. "Wakaniuliza kama na wao nitawatilia sumu. Nimepika miaka yote hii, hakuna mtoto aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula changu. Umeniumiza, binti yangu."

"Nisamehe, Mama," Rimoti alisema, machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe. Lakini mbele ya kamera yako sikai tena."

Rimoti hakubishana. Alirudi siku iliyofuata jikoni, akaomba kusaidia kumenya viazi. Akarudi tena siku nyingine, na nyingine, bila kamera. Alimenya vibaya, akitupa nusu ya kiazi pamoja na ganda, mpaka Mama Mwiko akashindwa kuvumilia, akamshika mkono kumwonyesha. Wiki ya siku ya wazazi, Mama Mwiko mwenyewe ndiye aliyesema, "Haya, mwite huyo mwenzako mwenye sauti. Leteni hiyo kamera."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Vichekesho viliwavunja watu mbavu, makala ya bustani ikapigiwa makofi. Kisha skrini ikamwonyesha Rimoti mwenyewe, amekaa wima. "Kipande mlichokiona kwenye simu nilikitengeneza mimi," alisema. "Mama Mwiko hakusema vile. Haya ndiyo maneno yake, sikuyakata."

Swali lilikuwa lilelile la walimu. Mama Mwiko alikaa kimya, na kimya hicho Rimoti alikuwa amekiacha chote. Wazazi waliacha kunong'ona.

"Nilipokuja hapa sikujua kusoma," Mama Mwiko alisema kwenye skrini. "Nilikuwa nakumbuka gunia la sukari na la chumvi kwa rangi. Mwalimu mmoja akagundua. Hakunicheka, wala hakumwambia mtu. Jioni, nikimaliza kuosha sufuria, alikuja jikoni na chaki, akaandika herufi kwenye sakafu, mimi nikafuta na kuandika tena. Leo ndiye mwalimu mkuu wenu. Unaniuliza nawaonaje walimu? Mimi namwombea yule mama kila siku."

Katika safu ya mbele mwalimu mkuu alifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Hakuna aliyepiga makofi mpaka alipoinuka, akaenda kumkumbatia mpishi wake mbele ya watu wote.

Watu walipokuwa wanatoka, Rimoti alimfuata Mama Mwiko. "Mama, mbona jambo kubwa hivi hukuniambia mara ya kwanza?"

"Nilikuambia," Mama Mwiko alijibu. "Neno kwa neno. Wewe ulikuwa unatazama dirishani." Akamshika bega. "Ukiomba maneno ya mtu, binti yangu, kaa uyapokee. Na ukiyapokea, yafikishe kama ulivyopewa. Asiyetulia kusikiliza atasema uongo hata bila kukusudia, na wewe ulikusudia. Usirudie."

"Sirudii, Mama," Rimoti alisema, na muda wote Mama Mwiko alipokuwa akisema, alikuwa amesimama palepale, ametulia, akimtazama usoni.