Masharubu ya Basili Yanaingiza Maji

Mama Ndelilio, jirani yake Hilda, anadai alimwona kwa macho yake mawili. Alikuwa amepeleka ndizi kwenye hoteli moja Moshi mjini, akachungulia bwawani, na ndani ya maji alikuwemo Basili, mpenzi wa Hilda, kifua wazi, msichana wa mjini kamshika kidevu anampaka mafuta juu ya mdomo. Taratibu, kwa kidole. Na Basili katulia kama mtoto anayefutwa kamasi.

Hilda aliendelea kumenya ndizi. Akauliza tu kama mafuta yalipakwa mdomoni au kwenye masharubu.

"Mwanangu, hapo kuna tofauti?"

Kwa Hilda ilikuwepo. Masharubu yale yalikuwa ya posa. Basili ana uso laini, na siku ya kwanza alipofika kwao Marangu, mzee Eliaichi, baba yake Hilda, alimketisha na watoto akampa soda, wenzake wakinywa mbege, pombe ya ndizi. Kisha akatamka kwamba kijana arudi akiwa na ndevu na kazi. Ndevu ziliota kwa shida, moja moja, Hilda akizifuatilia kama miche ya kahawa.

Akatuma ujumbe: "Nani anakupaka mafuta?"

Jibu likarudi: "Nasrin, mwalimu wangu. Nakuja kukueleza."

Akaja kweli, begi mgongoni, jani la sale mkononi. Hilda alipoliona jani, akasukuma beseni la ndizi pembeni. Huku mlimani sale hubebwa na aliyekosa, anapokwenda kuomba msamaha.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Si kweli."

"Basi sale ya nini?"

"Nilijua umekasirika. Nikaona nianze na msamaha, kosa tutalitafuta baadaye."

Hilda akajizuia kucheka, ila hakumkaribisha kukaa.

Ndipo Basili akatoa miwani ya kuzamia, ile kubwa inayofunika macho na pua. Akaeleza kwamba kazi ya kuzamia na wageni ataipata akifaulu mafunzo, na hafaulu kwa sababu ya masharubu: nywele zinainua ule mpira wa ukingoni, maji yanapenya, anaibuka anakohoa. Nasrin kamwambia anyoe, kakataa. Ndiyo akampaka mafuta ya mgando, nayo yakasaidia kidogo tu.

"Nikinyoa, baba yako atauliza ndevu. Nisiponyoa, atauliza kazi."

Hilda akaibandika miwani usoni mwake bila mkanda, akavuta hewa kwa pua kama alivyoelekezwa. Ikang'ang'ania. Akamvalisha Basili. Ikadondokea kwenye beseni la ndizi. Akamvalisha tena, sasa akimtazama kwa karibu, akaona mpira unakalia mstari mwembamba tu chini ya pua. Ndevu za kidevuni haziguswi kabisa.

"Kaa," akasema, akaenda kuchukua wembe.

Alinyoa upana wa harage. Akapaka mafuta mwenyewe. Miwani ikakaa, Basili akainama, akaruka, haikudondoka. Hilda akacheka mpaka akashika mgomba.

Hapo mzee Eliaichi akatokea shambani na jembe lake, akauliza huyu ana nini usoni. Basili akajaribu kuivua kwa heshima, ikakataa. Kila akivuta pumzi kwa woga, inabana zaidi. Akaongea nayo hivyo hivyo, sauti kama ya mtu mwenye mafua:

"Shikamoo baba. Kazi sasa ninaipata. Ndevu ninazo, isipokuwa hicho kipande. Naomba Jumamosi nije na wazee wangu."

Mzee akaweka jembe chini, akamsogelea, akachungulia kioo upande huu na upande ule. Hilda akabaki kasimama, wembe mkononi, akimtazama baba yake mdomoni, akingoja aseme ndiyo au hapana.