Baba Amekwenda na Ndevu?

Huko Tukuyu, kwenye mvua nyingi, aliishi mtoto aitwaye Subilaga. Alikuwa na miaka minne.

Baba yake alikuwa na ndevu. Ndevu nyingi, nyeusi, mpaka kifuani.

Jioni moja mvua ilinyesha. Cha, cha, cha, juu ya bati. Mlango ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya baba. Subilaga akakimbia kufungua.

Mlangoni alisimama mtu. Koti lilikuwa la baba. Mabuti yalikuwa ya baba. Lakini kidevu kilikuwa kitupu, kinang'aa kama yai.

Subilaga akaganda pale pale.

Sauti ya baba. Mabuti ya baba. Lakini uso, uso ni wa nani?

Yule mtu akainama, akafungua mikono. Subilaga akakimbilia nyuma ya mama, akajificha kwenye kitenge chake.

Mama akamweleza taratibu. Baba amepata kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Kule hawataki ndevu, zisije zikaanguka kwenye maziwa. Basi baba amenyoa. Huyu ni baba.

Subilaga alisikia, lakini hakuelewa. Ndevu zimekwenda wapi? Na baba je, amekwenda nazo?

Akafumba macho. Yule mtu akakohoa. Ni baba.

Akafumbua. Si baba.

Akafumba. Baba. Akafumbua. Mh!

Sauti ya baba. Kikohozi cha baba. Lakini uso, uso ni wa nani?

Chakula kikaletwa, wali na maharage. Subilaga akala amefumba macho. Kijiko kikaenda puani.

Baba aliona. Hakumcheka. Moyo ulimuuma, maana tangu Subilaga azaliwe, hakuwahi kumkimbia.

Akainuka polepole. Akachukua khanga ya mama, akajifunga usoni, kuanzia puani mpaka shingoni. Yakabaki macho tu.

"Sasa kula, mwanangu," akasema. "Nitakaa hivi mpaka utakaponizoea. Hata wiki nzima."

Baba naye akala, kijiko kinapita chini ya khanga. Mchuzi ukadondoka. To, to, to.

Akaosha vyombo na khanga usoni. Akafagia na khanga usoni. Jirani alikuja kuomba chumvi, akauliza kama anaumwa jino. Baba akajibu kwamba jino haliumi. Kuna mtu anasubiri amzoee.

Muda wa kulala ukafika. Baba akakaa sakafuni, kando ya kitanda. Hakusogea karibu.

Subilaga akayatazama yale macho. Akayatazama sana.

Sauti ya baba. Macho ya baba. Lakini uso?

"Shusha kidogo," akasema.

Baba akashusha khanga kidogo. Pua ikatokea. Ilikuwa pua ya baba.

"Shusha tena."

Midomo ikatokea. Ilikuwa midomo ya baba.

"Haya, toa yote."

Baba akaivua khanga. Akatulia tuli.

Subilaga akanyoosha kidole, akagusa kidevu. Kilikuwa laini. Kidole kikateleza, telee, kikaingia kwenye kishimo kidogo.

Subilaga akashangaa. Akagusa kidevu chake mwenyewe. Kishimo! Kidogo vile vile, katikati vile vile.

"Baba," akasema, "umechukua kishimo changu?"

Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kumwita baba. Baba akajibu.

"Hapana, mwanangu. Wewe ndiye uliyechukua changu. Kilijificha kwenye ndevu siku zote. Hata mimi nilikuwa nimekisahau."

Subilaga akacheka. Akasogea ukutani, baba apate nafasi ya kulala kando yake.

Sauti ya baba. Macho ya baba. Na uso? Uso ni wa baba.

Akalala, kidole chake kikiwa kwenye kidevu cha baba. Baba hakutikisika hata kidogo, asije akamwamsha.