Saa Tatu za Odessa Pruitt

Maiti ya Dokta Alden Crewe ililala chini ya ngazi za chuma, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya chuo, uso umeelekea ukutani. Miwani yake ilikuwa hatua tatu mbali naye, nzima kabisa. Mfagizi ndiye aliyemkuta, asubuhi ya Ijumaa, na hata Inspekta Renata Dombek alipofika, mama wa watu alikuwa bado ameketi nje.

"Kateleza?" aliuliza Sajini Pike.

"Mtu akiteleza hang'oki kifungo cha koti," alisema Dombek. "Wala hapati alama za vidole kwenye kifundo cha mkono."

Daktari wa polisi aliinuka, magoti yakilia. "Fuvu limepasuka kisogoni. Alianguka mnamo saa kumi jana alasiri. Mengine nitakupigia."

Roho ya Dombek haikutulia. Wazazi wa wanafunzi wapya walikuwa wanakuja kesho yake kukitazama chuo, na mkuu wa polisi alishapiga simu mara mbili: mtuhumiwa apatikane kabla ya saa sita mchana. Haraka ya namna hiyo, Dombek aliijua vizuri, huwaangukia wasio na mtetezi.

Lorna Haskett alikuja macho yamemwiva, karatasi mkononi. Alikuwa msaidizi wa marehemu, mkuu wa idara ya nyaraka, kwa miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyesimamia wanafunzi wanaofanya kazi pale.

"Mimi jana niliondoka saa nane, Inspekta. Nilikwenda Marlow, kwa dada yangu. Aliyekuwa zamu ni mwanafunzi mmoja tu." Akanyoosha karatasi. "Odessa Pruitt. Kuanzia saa tisa mpaka kumi na mbili. Sisemi kafanya kitu, jamani. Ni mtoto mzuri. Lakini saa zake ndizo hizo."

Odessa alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, binti wa dereva wa malori kutoka vilima vya West Virginia. Aliletwa kituoni na begi lake la vitabu mgongoni, akakataa kulivua.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Sikuwa maktaba."

"Umeandikwa ulikuwa maktaba."

"Sikuwa."

"Basi wapi?"

Odessa alitikisa kichwa.

"Binti, mtu amekufa. Kuna karatasi yenye jina lako, na mkuu wangu yuko nje ya mlango huu anahesabu dakika. Mficha uchi hazai."

"Nikisema, nimekwisha. Na si mimi peke yangu."

Dombek alimtazama mikono. Ilikuwa imepasukapasuka, myekundu mpaka kwenye viwiko, na ilinuka dawa ya kuoshea vyombo. Wanaoshika barua za kale huambiwa wawe na mikono mikavu na misafi. Hii haikuwa mikono ya makaratasi hata kidogo.

"Unaosha vyombo bwaloni."

Msichana alifumba macho.

"Na unaingia zamu kwa kadi ya nani? Maana hapa umeandikwa wa maktaba tu."

Machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Ya Delphine. Tunalala chumba kimoja. Ana homa tangu Jumatatu. Ukikosa zamu tatu wanampa mwingine nafasi yako, na asipokuwa na kazi hana cha kujilipia. Nikawa naigonga kadi yake, naosha masinia. Chuo kikijua, wanatufukuza kazi sote wawili. Mimi bila kazi sirudi muhula ujao, Inspekta. Baba hana namna."

"Nani alikuona?"

"Mpishi. Aliniita Delphine alasiri nzima huku anacheka. Anajua."

Dombek alimtuma Pike bwaloni mbio. Kisha akarudi kuketi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akahisi ameshika uzi.

"Maktaba unafanya saa ngapi kwa wiki?"

"Nne."

"Kwenye karatasi hii, wiki iliyopita umeandikiwa kumi na moja."

Odessa aliinamisha kichwa. "Niliona mshahara umezidi. Sikuuliza. Nilijiambia labda wamenipandisha. Halafu Jumanne Dokta Crewe akaniuliza barua nilizopanga kwa saa zote hizo ziko wapi. Nikacheka, nikamwambia mimi nakuja Jumatano tu. Yeye hakucheka."

Pike alirudi anahema. "Mpishi anaapa. Binti hakutoka jikoni tangu saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Na nimepita ofisi ya mishahara. Hizo saa zake za jana zimeingizwa kwa neno la siri la Bi Haskett, kwenye kompyuta ya mezani kwake, saa kumi na moja na dakika arobaini."

"Na dada wa Marlow?"

"Anasema Lorna alifika kwake saa moja usiku, hakula."

Simu ikalia. Alikuwa daktari. Dombek alisikiliza mpaka mwisho, akaikata. Kisha akaagiza Lorna Haskett aletwe.

"Bi Haskett, uliondoka saa nane?"

"Ndiyo."

"Basi nani alikalia kiti chako saa kumi na moja na dakika arobaini akimwandikia Odessa saa ambazo hakufanya? Binti alikuwa anaosha masinia ya makaroni. Nina shahidi."

Uso wa mama yule ulinyauka. Hakubisha. Pengine alichoka kubisha tangu usiku.

"Sikula hata senti moja," alisema. "Andika hilo. Hata moja!"

"Nakusikiliza."

"Watu hudhani mtoto akipewa na serikali fungu la kazi, kapewa pesa. Hajapewa kitu. Kapewa ruhusa ya kuzitafuta, saa kwa saa. Asipofanya, fungu linarudi kwa wenyewe. Na idara iliyobakiza, mwaka ujao inakatwa wanafunzi. Nilikuwa na saba. Mwaka ule niliokuwa mwaminifu wakaniacha na watatu. Wanne niliwaambia kwaheri kwa mdomo wangu, mmoja akaacha chuo. Nikaapa haitatokea tena."

"Ukaanza kuwaandikia saa hewa."

"Nikamaliza mafungu. Kila mwaka, wiki za mwisho. Alden hakuwahi kuzitazama karatasi zile. Wiki hii akazitazama. Jana akasema anakwenda kuripoti. Nikamshika mkono kwenye ngazi, nikamsihi. Akajivuta. Nikamvuta. Halafu nikamsukuma, Mungu wangu, nilikuwa na hasira, nikamsukuma."

"Ulishuka kumwangalia?"

"Niliogopa. Hakuwa anasema kitu. Nilijua amekufa."

"Hakuwa amekufa," alisema Dombek. "Daktari amethibitisha. Damu ilimvujia kichwani polepole. Aliishi karibu saa mbili."

Lorna alijifunika uso.

"Ulifanya nini katika saa hizo mbili?"

"Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kumaliza mafungu," alinong'ona. "Mfumo wa kuingiza saa unafungwa saa kumi na mbili. Nikarudi mezani kwangu. Fungu la Odessa lilikuwa limebaki saa tatu."

Pike aliacha kuandika.

Dombek alitoka kwenda kumfungulia msichana. Alimwambia yuko huru, na kwamba habari za kadi ya Delphine haoni sababu ya kuziweka kwenye taarifa yake. Akamweleza na mengine, kwa kifupi, kwa sababu kesho yangekuwa gazetini.

Odessa alilikaza begi lake mgongoni.

"Kwa hiyo alipokuwa anaandika jina langu," alisema, "Dokta alikuwa bado anapumua?"

Dombek alitamani sana kumdanganya.

"Ndiyo," akasema.