Fundi Asiyefuta

"Kobe, mwambie fundi maji yamekatika."

Agizo lilimfika sikioni akiwa ghorofa ya tatu, akihema. Maana yake ilikuwa moja tu: mzuie sasa hivi, kwa namna yoyote.

Lifti ilikuwa imekufa. Miguu yake nayo ilikuwa njiani kuifuata.

"Nimesikia, Shangazi," alijibu kwenye redio. Shangazi alikuwa mkuu wake wa kazi, na hakuwa shangazi wa mtu yeyote.

Kobe alikuwa amechoka. Amechoka na ujasusi, na bastola ya Beretta inayomkwaruza mbavuni, na kumdanganya mama yake kwamba anatengeneza mafriji ya watu.

Leo mama huyo alikuwa hospitali, kwenye foleni ya dirisha la dawa za presha. Na lori la dawa bandia la wafanyamagendo lilikuwa limeshafika kwenye geti la hospitali hiyo hiyo.

Kila boksi hupigwa skana, kisha tovuti ya uhakiki husema HALISI au BANDIA. Fundi wa wafanyamagendo alikuwa amejipenyeza kwenye kampuni inayohifadhi tovuti hiyo, juu kwenye jengo hili. Alikuwa anapandisha mafaili mapya kwenye seva: kurasa, picha, programu, vyote mchanganyiko. Yakishapanda, kila boksi litakuwa HALISI.

Kobe aliogopa. Hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha juu.

Aliusukuma mlango kwa bega, bastola mkononi.

Fundi alikuwa mbele ya ThinkPad, miguu juu ya meza.

"Umechelewa, mzee wangu," alisema, akiitazama bastola bila wasiwasi. "Yameshapanda yote. Nywila nimebadilisha. Hata ukinipiga risasi, hakibadiliki kitu."

Kioo cha kompyuta kiliandika: IMEKAMILIKA.

Kobe alivuta kiti, akakaa. Magoti yalimshukuru.

"Ulifuta ya zamani kwanza?"

"Ya nini? Mapya yanafunika ya zamani. Wote tunafanya hivyo."

"Yanafunika yenye jina lile lile. Yale ambayo hukuleta mapya yake yanabaki pale pale. Kazi ya haraka haraka, ya kulipua hii, kijana."

Fundi alishusha miguu.

"Shangazi, ule ukurasa wetu wa matengenezo, tuliouacha kwenye seva hii mwaka wa mafuriko. Jaribu kuufungua."

Redioni vilisikika vidole vikigonga kibodi.

"Umefunguka. Una nywila yake wenyewe, haijaguswa."

"Ingia kwa huo, urudishe nakala ya tovuti ya jana."

Fundi aliirukia kompyuta. Kobe hakuinuka, alinyoosha mguu tu. Fundi akala sakafu, na pingu zikamkuta hapo hapo.

"Skana inasema BANDIA," Shangazi alisema. "Lori tumelizuia. Dereva tunaye."

Askari walipanda kumchukua fundi. Kobe akashuka ngazi taratibu. Nokia yake ikaita.

"Wewe," mama alisema, "nimesimama tangu asubuhi, sasa wanasema dawa zimezuiwa, turudi kesho. Mtu gani huyo asiye na huruma anawafanyia wagonjwa hivi?"

"Sijui, mama. Za kukufikisha kesho unazo?"

"Ninazo. Na friji za watu, zimepona?"

"Imepona moja."

"Siku nzima, moja?"

"Ilikuwa mbovu sana, mama."

"Haya, njoo unichukue. Miguu inauma."

"Hata yangu," alisema Kobe. Akavaa miwani ya jua, akatoka barabarani.