Uzi wa Kupimia Pete

Rafiki yangu Twahiru, fundi magari, alitoka kazini hoi akapitia kwa sonara kumchagulia mchumba wake Hayat pete ya almasi moja. Alikuja na uzi ambao dada wa Hayat aliutumia kumpimia Hayat kidole kwa siri. Akauweka mezani, kando ya pete aliyoichagua.

Umeme ukakatika. Sonara akatoka uani kuwasha jenereta. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena. Gizani mkono wa baridi ukamgusa Twahiru, ukamtolea kidole kimoja. Kwa ule uchovu alidhani ni mke wa sonara amekuja kumjaribia, akauvisha pete. Ikakaa sawasawa.

Taa zikawaka, sonara akaingia.

“Bibi yako yuko wapi na ile pete?” Twahiru akamuuliza.

“Bibi gani? Mi niko peke yangu hapa.”

Mezani hapakuwa na kitu. Uzi ulikuwa kwenye kidole cha Twahiru, umekazwa kwa mafundo mawili.