Salamu za Ukumbini

Jua lilikuwa linazama Sekela alipovuka reli ya Tunduma, sufuria ya dada yake kichwani. Aliiazima kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, na mwenyewe, Fortunata, alikwisha kuiulizia mara mbili.

"Mulishani, mwizi wa sufuria!" Fortunata alimpokea kwa salamu ya wateja wake wa Zambia. "Kaa. Usikie zawadi ya Luka. Mwenyewe yuko shamba, Itaka."

Zawadi? Luka na Fortunata, mkewe, hawakuwa wakisemezana tangu Pasaka. Luka alitaka kuuza shamba la kahawa la ukoo. Fortunata alikataa kutia saini.

Ilikuwa albamu ya orkesta maarufu ya pale mjini, iliyorekodiwa jukwaani, tayari inalia redioni. Nyimbo za taratibu. Kinanda, saksafoni, waimbaji wawili wa sauti laini. Wimbo ukiisha, makofi. Kisha mwimbaji anasoma salamu.

"Nakusalimu, mzee Sadoki wa Itaka!"

"Naam!" mtu aliitikia kutoka ukumbini.

Sekela aliijua sauti ile. Sadoki, baba mdogo wa Luka.

"Dada, hii ilirekodiwa lini?"

"Mwezi wa tano."

Mwezi wa tano Sadoki alikuwa kitandani, hajiwezi. Wa sita walimzika.

"Nakusalimu, mama Jenista!"

"Abee!"

Huyo shangazi yake Luka. Walimzika wa nane. Naye, kama Sadoki, alikataa shamba kuuzwa.

"Umeisikiliza yote?"

"Bado. Umeme unakatika kila nikifika katikati."

Fortunata aliingia jikoni kusonga ugali. Sekela alimpigia simu Brayan, mpiga kinanda wa orkesta ile, aliyesali naye kanisa moja.

"Brayan, siku mnarekodi watu walikuwa wengi?"

"Watu gani, dada? Mvua ilinyesha tangu mchana. Tulipigia viti vitupu."

"Na makofi?"

"Tuliyakuta kwenye rekodi..." Alishusha sauti. "Tuliogopa kuuliza."

"Salamu nani aliwapa?"

"Shemeji yako Luka. Alileta karatasi. Majina mengine, wenyewe tumeshawazi—"

Simu ikakatika.

Redioni wimbo ulikuwa umekwisha. Makofi. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni, na nje hapakuwa na mvua.

"Nakusalimu, Fortunata wa Tunduma!"

Sekela alikumbuka onyo la bibi yao wa Ileje: ukiitwa saa za magharibi na usiyemwona, usiitike; aitikaye hufuata.

Aliitupa sufuria, akakimbilia jikoni. Dada yake alikuwa amegeuza uso, mwiko mkononi, midomo inafunguka. Sekela akamziba kwa kiganja.

"Fortunata..."

Redioni, ukumbi mzima ulikuwa unasubiri. Mtu alikohoa. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Fortunata?"

Ugali uliungua. Hakuna aliyepumua.

Kisha saksafoni ikaanza wimbo mwingine, polepole. Sekela aliondoa mkono. Fortunata aliutua mwiko, machozi yanamtoka.

"Imepita," Sekela alimnong'oneza. "Dada, imepita."

Mlango ukagongwa.

"Shemeji Sekela!" Luka aliita, kwa ile sauti yake ya uchovu wa safari.

"Abee!"

Sekela aliitika, akafungua. Barazani hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa na kufuli.

Nyuma yake, sebuleni, watu walianza kupiga makofi.