Taulo la Baridi

Siku Hye-ran alipofariki, mama yake alikuwa kazini, mikono imelowa hadi viwikoni.

Mama huyo aliitwa Bok-rye. Alifanya kazi katika hamamu ya wanawake mjini Gunsan, bandari ya Korea Kusini, na kazi yake ilikuwa kuwasugua watu nongo. Wateja walijiloweka kwanza kwenye maji ya moto. Kisha walilala kwenye kitanda chake, naye akawasugua kwa kitambaa kigumu mpaka ngozi ikang'aa.

"Mama Hye-ran, taratibu!" mteja mmoja alilalamika asubuhi hiyo. "Mimi si sufuria iliyoungua."

"Sufuria haina maneno mengi hivyo," Bok-rye alimjibu. "Geuka."

Wanawake walikuwa bado wanacheka, mara mwenye hamamu akaingia na simu mkononi. Bok-rye alimtazama usoni, akajua. Binti yake alikuwa amelazwa hospitali tangu theluji ilipoyeyuka.

Hye-ran aliacha mume, Tae-sik, dereva wa lori la samaki. Aliacha pia binti wa miaka saba, Sol. Mtoto huyo alizaliwa na baka jekundu kwenye shavu la kushoto, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya. Hye-ran hakulionea baka hilo aibu hata siku moja. Ila daktari alimweleza kwamba baka la namna hiyo likiachwa, huweza kukolea na kuvimba kadiri mtu anavyokua. Kwa hiyo alikuwa akimpeleka Sol kliniki, wakalitibu kwa mwanga wa leza.

Kitandani hospitali, kabla hajafariki, Hye-ran alimshika mama yake mkono. "Mama, matibabu ya Sol yasikatike. Tumeshafika katikati ya safari."

"Hayatakatika," Bok-rye alisema.

Baada ya mazishi, Sol alihamia kwa bibi yake, maana baba yake alilala barabarani mara nyingi. Majirani waliendelea kumwita Bok-rye Mama Hye-ran. Naye aliendelea kuitika.

Siku ya kliniki ilipofika, Bok-rye alimpeleka mjukuu wake. Alikaa nje ya mlango akisubiri. Alisikia mashine ikitoa sauti fupi kama paka anayefoka kwa hasira. Halafu akamsikia Sol akilia. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

Sol alitoka na madoa ya zambarau kwenye shavu. Siku hiyo kliniki ilikuwa imejaa. Nesi mgeni alisema tu, "Mfanyieni kama kawaida, mnajua wenyewe," akamwita mgonjwa mwingine.

Bok-rye hakujua kawaida yenyewe. Aliyeijua alikuwa kaburini.

Nyumbani, alifanya alichofanyiwa na mama yake kila alipovilia damu. Alichemsha yai, akalimenya likiwa bado la moto, akaliviringisha juu ya yale madoa.

"Bibi, linachoma!"

"Vumilia, mjukuu wangu. Joto litaitawanya damu."

Kisha akamlaza kwenye sakafu iliyopashwa joto kwa chini, ndani ya blanketi zito. Kwa Bok-rye, baridi ndiyo iliyoleta magonjwa, na joto ndilo lililoyafukuza. Mikono yake ilikuwa imelifanyia kazi jambo hilo maisha yake yote.

Kesho yake alimpeleka hamamu. Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia. Sol angesimama kwa mara ya kwanza mbele ya picha ya mama yake, kwenye meza ya kuwakumbuka marehemu. Hakuna anayesimama mbele ya meza ile na nongo mwilini. Bok-rye alimtia mjukuu wake kwenye maji ya moto, akamsugua mwili mzima. Shavuni alisugua kidogo tu, tena kwa upendo.

Jioni, malengelenge mawili yalitokea juu ya baka.

Tae-sik aliporudi na lori alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu.

"Mama, hii ni nini?"

"Kawaulize wenye mashine! Wamemchoma mtoto."

"Siku za nyuma hakuwa hivi."

"Basi siku hizi wamezidi. Haendi tena, baba Sol. Afadhali abaki na shavu jekundu alilopewa na Mungu."

"Na ahadi yetu kwa Hye-ran?"

Bok-rye aligeukia sinki akaanza kuosha bakuli lililokwisha kuoshwa.

Asubuhi iliyofuata, mteja wake wa kwanza alikuwa Nesi Oh. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyefanya kazi kliniki ile ile. Siku ya matibabu ya Sol hakuwa na zamu. Alitoka kwenye chumba cha joto kali na taulo lililolowa maji baridi kichwani, akalala kwenye kitanda.

Bok-rye alianza kusugua.

"Aa! Aa! Mama Hye-ran, leo nimekukosea nini?"

"Mashine yenu imemchoma mjukuu wangu."

Nesi Oh aliinuka akaketi. "Nieleze. Kila kitu."

Bok-rye alimweleza yote: sauti ya mashine, madoa, yai, sakafu, maji ya moto. Kadiri alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Alipofika kwenye kusugua, alikiweka kitambaa chini.

Nesi Oh hakumkaripia. Alilivua lile taulo kichwani.

"Mama, ukiingia chumba cha joto, kwa nini unajifunga taulo la maji baridi?"

"Wee, nani asiyejua? Joto liingie mifupani, nywele na kichwa visiungue."

"Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Baka la Sol ni mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Mwanga wa leza unatafuta wekundu wa damu. Ukiupata, unageuka joto, na mishipa ile inajifunga. Lakini mwanga unapita kwanza kwenye ngozi ya juu. Kwa hiyo kabla tu ya mwanga kutoka, mashine inapuliza dawa ya baridi kali. Ile sauti uliyoisikia ni baridi, si moto. Ngozi ya juu inapoa, chini joto linafanya kazi."

"Kumbe."

"Na tukimaliza, joto bado limo ndani. Ngozi ni dhaifu siku kadhaa. Ndipo inapotaka taulo la baridi."

Bok-rye alikitazama kitambaa chake cha kusugulia. "Basi ni mimi. Mimi ndiye niliyemchoma."

"Ulimtunza kwa ulichokijua. Na sisi tulikuacha uondoke bila kukueleza. Kosa hilo ni letu, Mama."

"Nimeharibu kazi ya binti yangu?"

"Sijui mpaka daktari aone. Mlete leo. Usiyatumbue malengelenge. Usipake kitu."

Daktari Pyo aliliangalia shavu la Sol kwa kioo cha kukuza. Malengelenge yalikuwa ya juujuu. Aliyafunika kwa dawa na bandeji laini, akasema yatapona. Ila matibabu yangesubiri mpaka ngozi iwe nzima kabisa. Bok-rye alishusha pumzi.

Sikukuu ilipita. Sol alisimama mbele ya picha ya mama yake na bandeji shavuni, akainama vizuri. Ngozi ikapona bila kovu.

Siku ya kurudi kliniki, Nesi Oh alimwingiza Bok-rye ndani. Kwanza alimpaka Sol dawa ya ganzi, wakasubiri ifanye kazi. Kisha wote wakavaa miwani ya kukinga macho.

Daktari alipitisha kamera ndogo juu ya shavu. Kwenye skrini, mishipa ilionekana kama mizizi.

"Hapa imefifia," alisema. "Hapa karibu na taya bado ipo mingi. Ngozi ya kila mahali haifanani, kwa hiyo mwanga nao haufanani. Picha hii ndiyo inayotuongoza." Kisha doa dogo la kijani likatua shavuni. "Hili haliumi. Linanionyesha tu mwanga utakapopiga."

Sol alifumba macho kwa nguvu. Machozi yalikuwa tayari yanamlengalenga.

"Mpulizie kwanza," Nesi Oh alimnong'oneza Bok-rye.

"Kumpulizia nini?"

"Mama yake alikuwa akimpulizia shavuni kabla hatujaanza. Alimwambia upepo wa bandarini unakuja. Basi mtoto hakushtuka baridi ilipokuja."

Bok-rye alimwinamia mjukuu wake. Ilimbidi aanze mara mbili. Akapuliza.

"Upepo wa bandarini unakuja," alisema.

"Bibi," Sol alisema, "mama hakuwa ananuka kitunguu saumu."

Daktari alicheka mpaka akasogea mbali na mashine. Bok-rye naye alicheka, huku akifuta machozi chini ya miwani. Kisha mashine ikafoka. Sol alikunja uso, lakini hakulia.

Nyumbani, Bok-rye aliloweka taulo safi kwenye maji baridi, akalikamua, akaliweka shavuni pole pole. Hakuweka barafu moja kwa moja kwenye ngozi, kwa kuwa barafu nayo huchoma. Hakusugua. Hakumpeleka hamamu mpaka madoa ya zambarau yalipoisha. Sol alipotoka nje alivaa kofia pana na kupakwa dawa ya kukinga jua.

Baka halijaisha lote. Daktari alisema huenda lisiishe lote. Lakini chini ya jicho limekuwa rangi ya waridi hafifu, na ngozi ni laini.

Siku hizi katika friji ya Bok-rye, juu ya bakuli la kimchi, kabichi ya kuchachushwa, hukaa mataulo mawili yaliyokunjwa. Moja ni la Sol. La pili lilikuwa la Hye-ran, nalo pia hupoza shavu la binti yake.